Picha Huamuliwa Lini?

Wapiga picha wengi wanaokwenda Paje, mashariki ya Unguja, hufika na picha moja kichwani. Mama wa mwani ameinama kwenye maji ya magoti, kanga imelowa, jua changa la asubuhi limemwagika begani mwake, na nyuma yake bahari imetulia mpaka kwenye mwamba. Ni picha ngumu kuipata kuliko inavyoonekana, na kinachoikwamisha ni mwezi.

Mwani hufungwa kwenye kamba zilizonyooshwa baina ya vigingi, na kina mama hulifikia shamba vizuri wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji yanapotoka hasa. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Lakini bamvua la pwani yetu lina saa zake: maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne asubuhi jua limeshapanda, mwanga umekuwa mweupe, na uso ulio chini ya kofia pana ni kivuli kitupu. Kila siku ipitayo maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Baada ya juma moja kupwa kumeangukia saa kumi jioni, saa ambayo mpiga picha angeipenda, ila sasa ni maji mafu: yamerudi nyuma kidogo tu, shamba limezama, na mama yuko nyumbani anaanika alichovuna. Mwanga mzuri na maji ya chini hupishana kama wapangaji wawili wa chumba kimoja, mmoja wa zamu ya mchana na mwingine wa zamu ya usiku.

Anayelijua hili huchagua siku mbili tatu kabla bamvua halijatimia, maji yanapotoka saa mbili asubuhi, akaridhika na kina kikubwa kidogo na mwanga ulioanza kukomaa. Asiyelijua huchagua kwa tarehe za likizo yake, kisha hurudi akilaumu kamera.

Hesabu zote hizo zikishakaa sawa, bado kuna kitu ambacho hakuna jedwali la maji linaloweza kukitaja. Mama wa pili anamtania wa kwanza, wa kwanza anageuka ghafla akicheka, na kamba yenye mwani inainuka ikidondosha maji. Mpiga picha ana nusu sekunde. Je, picha hiyo ilipangwa au ilitokea?

Wenye kamera wamebishana juu ya hili tangu kamera zilipokuwa nyepesi kiasi cha kubebeka mtaani. Wako wanaotoka nyumbani na orodha, mchoro na saa ya kufika. Wako wanaotoka na kamera tu. Wa kwanza huwaita wa pili wabahatishaji, na wa pili huwaita wa kwanza mafundi wa matangazo. Kila upande una mtakatifu wake. Kinachochekesha ni kwamba ukichunguza watakatifu hao walivyofanya kazi, kila mmoja amelisaliti kanisa lake.

Mtakatifu wa papo kwa papo ni Mfaransa Henri Cartier-Bresson. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa ametoka Côte d'Ivoire alikougua homa iliyonusura kumuua, aliiona picha ya Mhangaria Martin Munkácsi: vijana watatu weusi, migongo kwetu, wanakimbilia mawimbi. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba picha hiyo ndiyo iliyomsukuma kwenye kamera. Kwa miaka mingi imetajwa kuwa ya Ziwa Tanganyika. Wako wanaosema ilipigwa Liberia, ambako Munkácsi alitumwa kikazi, na mawimbi yale kwa kweli yananikumbusha bahari zaidi ya ziwa. Iwe ilipigwa wapi, mwaka 1932 kijana huyo wa Kifaransa alikuwa na Leica mkononi. Nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, aliielekeza kwenye upenyo wa uzio wa mbao akamnasa mtu akiruka dimbwi, kisigino hakijagusa maji. Upenyo ulikuwa mwembamba hata kwa lenzi, ndiyo maana ubavu mmoja wa picha ilibidi ukatwe. Bahati haiji wazi zaidi ya hapo.

Lakini ichukue picha yake nyingine ya mwaka huohuo, ya mji wa Hyères, kusini mwa Ufaransa. Ngazi za mawe zinateremka kwa kuzunguka, na chini kabisa mwendesha baiskeli anapita kwa kasi hadi sura yake imefifia. Ngazi hazikuja ghafla. Mtu aliyesimama juu yake alikuwa ameshaona kwamba mistari ile imetimia na inapungukiwa na kitu kimoja tu pale barabarani. Baiskeli ndiyo iliyotokea. Jukwaa lilishachaguliwa, na aliyelichagua alikuwa tayari kusimama pale mpaka mtu apite.

Mtakatifu wa upande wa pili ni Mmarekani Ansel Adams, mtu wa milima na kamera kubwa ya miguu mitatu, aliyefundisha kwamba picha inapaswa kuonekana yote akilini kabla haijapigwa. Picha yake maarufu kuliko zote haikuwa kwenye orodha yoyote. Jioni moja ya mwaka 1941, akirudi Santa Fe baada ya siku isiyozaa kitu cha maana, aliuona mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, na misalaba ya makaburi ikimeremeta kwa jua la mwisho. Alisimamisha gari kwa pupa, akafunga kamera yake ya filamu za inchi 8 kwa 10, akatafuta kipima mwanga asikione. Kilichomwokoa ni namba aliyokuwa nayo kichwani: mng'ao wa mwezi, mishumaa 250 kwa kila futi ya mraba. Akakokotoa kutoka hapo, akapiga moja. Alipogeuza kishikilia filamu ili apige ya pili, jua lilikuwa limeshaiacha misalaba.

Mpango ulikuja baadaye, katika chumba cha giza. Kwa miongo kadhaa alisafisha nakala zaidi ya 1,000 za picha hiyo, anga likizidi kufanywa jeusi kadiri miaka ilivyokwenda. Tarehe yenyewe alikuwa ameisahau. Wataalamu wa falaki ndio walioikokotoa kutokana na mahali mwezi ulipo pichani, wakafikia 1 Novemba.

Ukiwaweka hawa wawili meza moja, ubishi wenyewe unaanza kupoteza ladha. Nionavyo mimi, tumekuwa tukitafuta jibu kwenye tabia ya mpiga picha wakati mara nyingi jibu lilikuwa mfukoni mwake.

Bamako, mji mkuu wa Mali, inalionyesha hili vizuri kuliko mahali pengine ninapopajua, kwa sababu ni mji mmoja na watu wawili. Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Kamera yake ilitumia filamu kubwa za sentimita 13 kwa 18, filamu zile zilikuwa ghali, kwa hiyo mteja alipata shoti moja. Ukijua huna ya pili, humwachii mteja akae apendavyo. Keïta alimpanga: bega hivi, mikono hivi, uso uelekee mwanga kidogo. Nyuma alitundika shuka la kitanda, na kwa wasio navyo alikuwa na saa, redio, kalamu, suti ya Kizungu, hata pikipiki, vyote vya kuazima kwa dakika chache. Mwanga ulikuwa wa jua, uani. Utulivu ule ambao leo makumbusho ya Ulaya na Marekani huusifu kama mtindo wa msanii mkubwa ulianza kama hesabu ya mfanyabiashara asiyetaka hasara. Kwamba hesabu hiyo ilizaa picha za kupendeza namna ile, hilo ndilo la Keïta peke yake.

Malick Sidibé alimfuata kwa muongo mmoja hivi. Mali ilikuwa imepata uhuru mwaka 1960, na vijana walikuwa wamepata santuri za twist. Kamera ya Sidibé ilikuwa ndogo, na roli moja ilitoa shoti 36. Jumamosi usiku alizunguka sherehe hata nne au tano, alfajiri akarudi studio kusafisha, kisha akabandika vipicha vidogo vyenye namba ili vijana waje wachague vya kununua. Hakumwambia mtu asimame wapi. Aliyekuwa akicheza aliendelea kucheza. Picha yake ya mkesha wa Krismasi wa 1963, kijana na msichana wakicheza vichwa vimekaribiana, Keïta asingeweza kuipiga. Jicho alikuwa nalo, ila kamera yake isingefuata hatua za dansi, na bei ya filamu yake isingemruhusu kujaribu. Mwaka 2007 Sidibé alitunukiwa Simba wa Dhahabu huko Venice kwa kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kukimbizana na usiku.

Huku pwani studio nazo zilikuwa nyumba za mpango. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio ya Parekh ya Mombasa, iliyoanza miaka ya 1940, zilimpokea mtu aliyekwisha kuoga, kuvaa na kujipulizia, akakalishwa, akaambiwa asipepese macho. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni waliuendeleza mpango huo mpaka kwenye ndoto: nyuma ya mteja kulikuwa na mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa. Kijana aliyekuja mjini kutafuta kibarua aliituma kwao picha inayomwonyesha yuko safarini kwenda mbali. Wako wanaocheka mapazia yale. Mimi naona yanatukumbusha jambo ambalo mabishano yetu hulisahau, kwamba mara nyingi aliyeamua nini kipigwe ni yule aliyesimama mbele ya kamera akiwa na hela mkononi.

Sasa shoti haina bei, na uamuzi umehama. Garry Winogrand wa New York alituonyesha mapema hali inavyokuwa mtu akipiga bila breki: alipofariki mwaka 1984 aliacha roli zipatazo 2,500 ambazo hazijasafishwa. Kwa shoti 36 kila roli, ni picha karibu 90,000 ambazo mpigaji mwenyewe hakuwahi kuziona. Simu zetu zimetufanya sote akina Winogrand, na sehemu kubwa ya kazi siku hizi hufanywa mtu akiwa amekaa, usiku, anafuta.

Harusi ya Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuutazama mvutano huu, kwa kuwa wenye mpango ni wengi na hakuna anayeufuata. Kadi imesema maharusi wataingia ukumbini saa moja jioni. Wataingia saa tatu. Ibada imechelewa kuanza, msafara umekwama kwenye foleni, saluni haijamwachia bibi harusi. Mpiga picha aliyeahidi picha za nje, ufukweni, kwa mwanga wa machweo, anatazama jua wala hatazami saa, maana huku karibu na ikweta giza halina adabu: jua likishazama ana dakika 20 na ushei tu. Mchana nao haumsaidii. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hukaa wima juu ya jiji, na macho ya kila mtu pichani huwa mashimo meusi. Ndiyo maana utamwona anawavuta maharusi chini ya mwembe au kwenye baraza yenye ukuta mweupe, na wasimamizi wakidhani anakwepa joto.

Fundi mzoefu hupanga vitu vichache visivyorudiwa. Pete. Saini kwenye cheti. Keki. Mama mzazi akimkabidhi mwanawe. Halafu picha ya pamoja ya kila ukoo, kwa sababu shangazi aliyesahauliwa kwenye picha ya ukoo atalikumbuka hilo mpaka arobaini ya mjukuu. Zaidi ya hapo huacha mikono huru. Picha wanayoiita ya kushtukiza, baba wa bibi harusi akijifuta jicho nyuma ya MC, ndiyo familia itakayoitia fremu sebuleni, na ndiyo ambayo hakuna mjumbe wa kamati aliyeiagiza. Ukiikosa hiyo hakuna atakayejua. Ukiikosa ya keki, salio lako lina mashaka. Basi usishangae albamu nyingi zinafanana: malipo yameegemea upande mmoja wa kazi, na watu hufanya kile wanacholipwa.

Kwenye habari mizani hugeuka. Huko linalolipwa ni lile ambalo halikutarajiwa, kwa hiyo kupanga ni kujiweka karibu nalo. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 akakulia Dar es Salaam na kuanzisha kampuni ya picha ya Camerapix hapo hapo Dar mwaka 1963, alikuwa bingwa wa kujiweka karibu. Tarehe 5 Julai 1969, mwanasiasa Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya Nairobi, alifika eneo la tukio ndani ya dakika chache. Watu huiita bahati. Lakini mtu hawi dakika chache kutoka kwenye tukio la namna ile kwa bahati tupu. Alikuwa amejenga kwa miaka kadhaa mtandao wa watu wa kumpa habari, na kamera yake haikukaa bila filamu. Miaka 15 baadaye, picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizorushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984 na kuutikisa ulimwengu, zilitanguliwa na mahangaiko marefu ya vibali. Ukiitazama filamu ile huoni karatasi hata moja. Bila karatasi hizo isingekuwepo.

Mbrazili Sebastião Salgado, aliyefariki Mei 2025, alilipia mipango yake kwa njia ambayo asingeweza kuipanga. Alikuwa mchumi wa shirika la kimataifa la kahawa lenye makao London, akitumwa Afrika, hata Rwanda na Burundi, kabla ya kuacha kazi mwaka 1973 na kushika kamera. Baadaye miradi yake ilihesabiwa kwa miaka mingi mingi. Ule wa wahamaji ulimfikisha mwaka 1994 kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ambako Wanyarwanda walikuwa wamemiminika kwa mamia ya maelfu. Lakini tarehe 30 Machi 1981 alikuwa Washington, ametumwa kupiga picha za siku 100 za mwanzo za Rais Ronald Reagan, risasi zikalia nje ya hoteli mbele ya macho yake. Picha za dakika ile ziliuzwa sana, na fedha zake zikamgharimia safari ya Afrika aliyokuwa akiitamani.

Kuna aina nyingine ya mpango ambayo haina orodha kabisa, nayo ni kukaa mpaka usahauliwe. Michael Nichols alilifuata kundi la simba la Vumbi, Serengeti, kwa karibu miezi sita mpaka wakamzoea. Picha iliyompa ushindi wa shindano la Wildlife Photographer of the Year mwaka 2014 inaonyesha majike na watoto wao wamelala juu ya mawe, hawana habari naye. Miezi michache baadaye, majike watatu kati ya hao waliuawa walipotoka nje ya mipaka ya hifadhi. Hakuna ratiba ambayo ingemwambia Nichols kwamba ile ilikuwa nafasi ya mwisho.

Simba hawasaini fomu. Kuzoea ndiko kuruhusu kwao. Kwa watu zamani haikuwa tofauti sana. Mgeni aliyeanza kwa shikamoo, akakaa kitako, akaulizwa ametoka wapi na ana watoto wangapi, alifika mahali ambapo kamera haikuwa jambo tena, na hapo picha za kushtukiza zilianza kuja zenyewe bila mtu kushtuka. Aliyekuja mbio na lenzi ndefu alifunikiwa uso kwa mtandio, haki yake.

Sasa ruhusa ina sheria, na sheria hupenda mipango. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wake ilikitoza kiwanja kimoja cha starehe jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata. Sioni ubaya wa kumlinda mtu na sura yake; wengi wetu tungependa tuulizwe kabla ya kugeuzwa tangazo la bia. Sheria ya Kenya inawaachia nafasi waandishi wa habari na wasanii, lakini mpiga picha wa harusi anayebandika kazi yake Instagram ili apate wateja si mwandishi wa habari, na kama ni msanii itabidi akamweleze hakimu. Ndiyo maana mikataba ya baadhi yao sasa ina kipengele cha ridhaa. Bwana harusi anasaini, bibi harusi anasaini. Wale wanaocheza nyuma kabisa ya ukumbi, viatu mkononi, ambao ndio wanaotoa picha nzuri kuliko zote, hawajasaini kitu.